Kuufuata Mto Pangani, kutoka Msitu wa Kilimanjaro hadi Bahari ya Hindi

Nilianza safari hii Machame, upande wa kusini-magharibi wa Kilimanjaro, kwa sababu nilitaka kuuona Mto Pangani kabla haujaitwa Pangani. Huko juu una majina mengi. Kikafu, Weruweru na Karanga huteremka kuelekea Mto Kikuletwa, ambao pia hupokea maji ya Mlima Meru, na mito mingine ya upande wa mashariki, kama Himo, hushukia tambarare za Kahe na kuingia Mto Ruvu. Kikuletwa na Ruvu ndiyo mikono miwili mikubwa ya mto huu, nayo haikutani mpaka kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, kusini mwa Moshi.

Nilipanda katikati ya migomba na mibuni hadi ukingoni mwa msitu, ambao tangu mwaka 2005 umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Ukungu ulikuwa umeshuka, na ingawa mvua haikuwa ikinyesha, maji yalidondoka kutoka kwenye matawi kana kwamba inanyesha. Hapo ndipo mtu anapoelewa mto huu unavyoanza. Tangu mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alipouona weupe wa kilele mwaka 1848, theluji ya Kilimanjaro imesifiwa duniani kote, na watu wengi wa mabondeni huamini kwamba ndiyo inayoijaza mito yao. Ukweli ni kwamba kileleni, kwenye mita 5,895, mvua na theluji hudondoka kwa uchache mno, na barafu iliyobaki ni sehemu ndogo ya ile iliyopimwa mwaka 1912, kwani zaidi ya asilimia 80 yake imetoweka. Mvua kubwa hunyesha chini zaidi, ndani ya msitu wa upande wa kusini, hasa kwenye mwinuko wa mita 2,000 na kidogo, ambako kiasi cha mwaka huweza kuzidi milimita 2,000. Miti hunasa pia umande wa mawingu, na udongo wa volkano huyanywa maji hayo yote na kuyashusha taratibu chini ya ardhi. Kwa hiyo ninapolisikia jambo la mlima huu likizungumzwa kana kwamba barafu ndiyo hasara pekee, huwa najiuliza kwa nini moto unaounguza msitu wa juu hauwatishi watu kiasi hichohicho. Msitu wa juu ukiungua, ule unasaji wa ukungu hukoma siku hiyohiyo, nao huchukua miaka mingi kurudi.

Maji hayaendi mbali kabla ya kupata mwenyewe. Chini kidogo ya msitu nilionyeshwa mfongo, mfereji mwembamba uliochepushwa kutoka kijitoni na kupitishwa kwenye ubavu wa korongo kwa ustadi wa kushangaza, maana mteremko wake ni mdogo kiasi kwamba macho hayauoni, lakini maji yanautambua. Wachagga walikuwa wakichimba mifongo tangu zamani kabla ya utawala wa wakoloni, na kila mfongo ulikuwa na ukoo wake, msimamizi wake, zamu zake na siku zake za kuusafisha. Mzee aliyenitembeza, ambaye nilimwita babu kama walivyomwita wote pale, alinieleza kwamba zamu bado zipo, ila vijana wanaokuja kuzibua matope wamepungua, na mabomba ya plastiki yameanza kuchukua nafasi ya mfereji wa udongo. Alisema maji ya bombani hayapotei njiani. Akaongeza kwamba zamani yale yaliyopotea njiani ndiyo yaliyonywesha migomba ya majirani.

Kutoka barabara kuu ya Moshi na Arusha niliteremka Boma Ng'ombe na kushika njia ya vumbi kuelekea Rundugai. Baada ya mashamba makavu na vichaka vya miiba, huwezi kutarajia kitakachofuata: chemchemi za Chemka, bwawa la maji ya samawati yaliyo maangavu hadi chini, limezungukwa na mikuyu na mikoche. Haya ndiyo maji yaliyonywewa na udongo wa milimani, yakipanda sasa kutoka kwenye miamba kilomita nyingi mbali na msitu. Wakati wa kiangazi, vijito vya juu vinapokuwa vimenywewa na mifongo, chemchemi za aina hii ndizo zinazoupa Kikuletwa sehemu kubwa ya maji yake. Watalii huja kuogelea na kupiga picha, na sioni ubaya, lakini ningependa kila anayeruka kutoka kwenye ile kamba iliyofungwa mtini ajue kwamba anaogelea ndani ya akiba ya mto mzima.

Tambarare zilizo kusini mwa Moshi nilizipita kwa siku moja tu, ingawa zina mengi. Kuna mashamba ya miwa ya kampuni ya sukari ya TPC huko Arusha Chini, na kuna majaruba ya mpunga ya mradi wa umwagiliaji wa Moshi Chini, uliojengwa kwa msaada wa Japani katika miaka ya 1980. Mradi huo ulifanikiwa kulima mpunga kiasi kwamba wakulima waliokuwa juu ya mabanio, yaani vizuizi vya kuchepushia maji ya mto, nao waliupenda, wakafungua mifereji yao, na maji yaliyokusudiwa mradi yakapungua. Mivutano ya namna hii ndiyo kazi ya kila siku ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, iliyoanzishwa mwaka 1991 na yenye makao Moshi, ambayo hutoa vibali vya kutumia maji na kusuluhisha vyama vya watumiaji. Upande wa mashariki, Mto Lumi huteremka Kilimanjaro, hupita Kenya karibu na Taveta na kuingia Ziwa Jipe, ambalo limegawanywa na mpaka wa nchi mbili. Kutoka ziwani humo ndimo Ruvu unapotokea, ukipenya kwenye mafunjo mengi.

Nyumba ya Mungu nilifika saa za jua kali. Bwawa hili lilikamilishwa katika miaka ya 1960, na ukubwa wake humshtua mtu aliyezoea kuuona mto kama mstari. Lilijengwa kwa kazi mbili kubwa: kuzalisha umeme wa megawati 8 hapohapo, na kuyazuia mafuriko ya masika ili yaachiwe kidogo kidogo kwa ajili ya mitambo iliyoko karibu na pwani. Baadaye likawa pia ziwa la wavuvi, na vijiji kama vya Lang'ata vikaishi kwa perege na kambare. Mvuvi mmoja aliyekuwa akishona nyavu alinieleza kwamba samaki wa siku hizi ni wadogo, na kwamba serikali imewahi kuufunga uvuvi kwa muda ili samaki wazaliane. Alizungumza bila lawama. Alichohofia ni kina cha maji, kwa sababu mwaka ambao bwawa linashuka sana, ufuko unasogea mbali na nyumba na mitumbwi hubaki kwenye matope. Eneo hili hupata mvua haba, haifiki hata nusu ya ile ya msituni, na jua lake hunyanyua maji mengi kutoka kwenye uso mpana wa bwawa, maji ambayo hayamnufaishi mkulima wala mtambo.

Chini ya bwawa mto huingia Kirua, ambako zamani ulikuwa ukifurika kila masika na kufanya kinamasi kikubwa chenye malisho, samaki na matete. Tangu bwawa lijengwe mafuriko hayo yamekuwa nadra, na kinamasi kimesinyaa sana. Wafugaji wa Simanjiro, wanaoishi ukingo wa magharibi, ndio waliohisi mabadiliko hayo mapema, kwa kuwa majani ya kiangazi yalitegemea maji ya masika yaliyotanda. Sidhani kwamba bwawa halikustahili kujengwa. Hata hivyo, nikitazama kutoka dirisha la basi nyika ile kavu upande wa kulia na vilele vya Upare vyenye mawingu upande wa kushoto, niliona kwamba gharama ya umeme wa Tanga na Moshi ililipwa kwa sehemu na watu ambao nyumba zao zilichelewa sana kupata umeme huo.

Kwa mwendo mrefu barabara na mto huenda upande mmoja bila kuonana: Same, Hedaru, Mombo, milima ikiwa mkono wa kushoto muda wote. Mto uko mbali magharibi, ukiambaa na nyika ya Wamasai. Karibu na Korogwe ndipo unapopata ndugu wapya. Mkomazi huleta maji ya Pare na Usambara Magharibi, na Luengera hupita kwenye bonde linalotenganisha Usambara Magharibi na Usambara Mashariki. Nilisimama darajani Korogwe na kuona mto mzito wa rangi ya udongo, tofauti kabisa na maji ya Chemka, na mashamba ya mkonge yakinyooka mistari kwa mistari hadi chini ya milima.

Baada ya Korogwe ardhi huanguka kuelekea pwani, na mto huanguka nayo. Hapo Hale kuna mtambo wa megawati 21 uliojengwa miaka ya 1960, na chini yake kuna Maporomoko ya Pangani, ambako umeme umezalishwa tangu miaka ya 1930. Mtambo mpya wa megawati 68 ulianza kazi katikati ya miaka ya 1990. Ukijumlisha na Nyumba ya Mungu, maji yaleyale hufanya kazi mara tatu na kutoa megawati 97, ikiwa yapo. Yasipokuwapo, mitambo hupunguziwa kazi, na hapo mwenye mfongo wa Machame na fundi wa Hale wanakuwa wanagombea ndoo moja bila kuonana.

Mji wa Pangani uko ukingo wa kaskazini wa mdomo wa mto, na Bweni iko ng'ambo. Katika karne ya 19 misafara ya pembe na watumwa ilifuata bonde hili ikishuka kutoka bara, na mashamba ya miwa yaliyolimwa kwa jasho la watumwa yalipangana kando ya mto. Hapa ndipo upinzani dhidi ya Wajerumani ulipowaka mwaka 1888 chini ya Abushiri bin Salim, na hapa ndipo walipomnyonga Desemba 1889. Nilivuka kwa kivuko kwenda Bweni, kisha nikapanda mto kwa mtumbwi pamoja na mkulima wa minazi, tukipita mikoko kwanza, halafu minazi.

Kila baada ya mwendo fulani alichota maji kwa kiganja na kuyaonja. Maji chumvi, alinieleza, yanapanda mbali zaidi kuliko alipokuwa mtoto, na minazi iliyo karibu na mdomo imeanza kufa kuanzia kileleni. Wakati wa bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari husukuma sana, na mto ukiwa dhaifu haurudishi. Kwa hiyo yeye na jirani zake hufuatilia mambo mawili kabla ya kupanda mpunga: mwezi, na habari za simu kutoka kwa jamaa walioko Moshi kuhusu mvua za masika milimani. Mvua ikiwa nzuri kule, na maji yakiachiwa bwawani, baada ya muda wataonja tena hapohapo tulipoonja sisi, na chumvi ikiwa imerudi chini ndipo watakapoanza kuandaa majaruba.