Kiwanda cha bia nakipima kwa bia yake ya kawaida

Watu wanaojua mi ni mgonjwa wa bia za krafti za Marekani, yaani bia za viwanda vidogo vinavyojitegemea, huwa wananiuliza swali lilelile, kiwanda gani kikali kuliko vyote, na wanategemea nitaje yale majina ambayo watu wanakesha nje kwenye foleni ili wapate makopo manne tu. Sitaji. Si kwamba hizo bia ni mbaya, nyingine ni balaa kweli, ila mi nina kipimo changu. Nikiingia kwenye baa ya kiwanda siangalii kwanza ile bia ya asilimia 12 iliyolazwa kwenye pipa la bourbon, ile wiski ya Kimarekani, ikawekewa vanila na nazi na sijui keki ya nini, naagiza ile ya kawaida kabisa, ile wanayoipika wiki hadi wiki mwaka mzima, ile ambayo wahudumu wenyewe wakimaliza shifti ndo wanakunywa. Ikiwa safi nakaa. Ikiwa na harufu ya siagi najua hamira imeharakishwa, haikupewa muda wa kumalizia kazi yake, ikiwa na harufu ya mahindi ya kuchemsha najua kuna mtu hakuchemsha vizuri, na hapo hata ubaoni wakiandika majina ishirini ya kuchekesha mi nalipa naondoka.

Maana bia ya vanila na nazi inaficha mengi. Bia ya kawaida haina pa kujifichia.

Kwa kipimo hicho namba moja wangu ni Sierra Nevada wa Chico, California, na najua kuna watu wataguna hapa kwamba hiyo si inauzwa mpaka kwenye vituo vya mafuta. Ndiyo, na ndo maana naiheshimu! Ken Grossman alikuwa kijana mwenye duka la vifaa vya kupikia bia nyumbani pale Chico, akaungana na Paul Camusi, hela hawana, wakaokoteza matangi ya zamani ya viwanda vya maziwa, Grossman akaenda kujifunza kuchomelea ili ayaunganishe mwenyewe, na Novemba 1980 wakapika bia ya kwanza. Halafu ile Pale Ale yao wakaipika wakaimwaga, wakapika wakamwaga, tena na tena, mpaka kila pipa likawa linatoka na ladha ileile, hapo ndo wakaanza kuuza. Fikiria mtu mwenye madeni anamwaga bia inayonyweka kwa sababu tu haijafanana na ya wiki iliyopita.

Na siri ya ile bia ni hopsi zinazoitwa Cascade. Hopsi, kwa ambaye hajawahi kuziona, ni maua ya kijani ya mmea unaotambaa, ndo yanaipa bia uchungu na harufu. Cascade zilitolewa rasmi Oregon mwaka 1972 na watafiti wa serikali pamoja na chuo kikuu cha jimbo, na zina harufu ya balungi na msonobari ambayo wapika bia wakubwa wa enzi hizo walikuwa wanaiona ni kasoro, wao walitaka hopsi zenye harufu ya upole kama za Ujerumani. Anchor wa San Francisco wakazitumia kwenye Liberty Ale mwaka 1975, Sierra Nevada wakazibeba mazima, na kutoka hapo ladha ya bia ya Marekani ikawa ni ile harufu iliyokuwa inakataliwa. Mpaka leo ukiifungua Pale Ale yao bado harufu ni ileile, na chini kuna vumbi kidogo la hamira maana wanaiacha imalizie kuchacha humohumo ndani.

Hapa niingize historia kidogo, sitakaa sana. Marekani ilipiga marufuku pombe kuanzia 1920 hadi 1933, viwanda vingi vidogo vikafa, vilivyobaki vikamezana, ikafika mwishoni mwa miaka ya 70 nchi nzima ina viwanda visivyofika 100 na karibu vyote vinatengeneza laga moja nyepesi rangi ya majani makavu. Leo vimezidi 9,000. Kilichotokea katikati ni kwamba Oktoba 1978 Rais Jimmy Carter alisaini sheria iliyoruhusu mtu kupika bia nyumbani kwa matumizi yake bila kodi, na watu waliokuwa wanapika gereji kwa kujificha wakaanza kununua vitabu, kubadilishana hamira, kushindana, na baadae wengi wao wakafungua viwanda. Kabla ya hapo alikuwepo Jack McAuliffe, aliyekuwa jeshi la majini, akakaa Scotland akanogewa na bia za kule, akarudi akajenga New Albion pale Sonoma mwaka 1976 kwa vyuma chakavu. Kikafungwa 1982, hela haikutosha, kilikuwa kidogo mno kujiendesha. Ila wote waliofuata walipita pale kuchungulia alifanyaje.

Haya turudi kwenye mambo matamu.

Vermont. Kajimbo kadogo, baridi, ng'ombe wengi, na ndo kalikogeuza IPA, ile bia yenye hopsi nyingi, ya dunia nzima. John na Jen Kimmich walikuwa na baa yao ya kupikia bia pale Waterbury inaitwa The Alchemist, wanapika Heady Topper, IPA nzito ya asilimia 8 ambayo hawakuichuja, ina ukungu, inanukia maembe na mapera na nyasi mbichi. Agosti 2011 kimbunga Irene kikapita, mto ukafurika, baa ikazama. Bahati walikuwa tayari wanajenga sehemu ya kufungia makopo upande mwingine wa mji, na siku chache tu baada ya mafuriko makopo ya kwanza ya Heady Topper yakatoka. Baa haikufunguliwa tena lakini lile kopo likawa hadithi ya Marekani nzima. Juu ya kopo wameandika kabisa unywe humohumo usimimine, na hapo mi na wao hatuelewani hata kidogo, bia yenye harufu kiasi kile unainywaje kwenye tundu dogo ambalo pua haifiki? Mi namimina. Wanisamehe.

Wengi waliofuata wakachukua ukungu wakaacha kazi. Siku hizi kuna IPA kibao zinafanana juisi ya embe kwa macho, ukinywa koo linawasha kwa sababu mtu katupia hopsi kilo na kilo baada ya bia kuchacha halafu kaifunga kabla mabaki hayajatulia chini. Nilishanunua makopo ya hivyo kwa bei ya kuumiza roho, jina la kiwanda nalihifadhi, sikumaliza hata moja. Ukungu wa kweli unatoka kwenye protini za shayiri, ngano na oti zikishikana na hopsi, sio kwenye uvivu. Ukitaka kuona unavyofanywa na mtu mwenye nidhamu nenda Hill Farmstead, pale Greensboro Bend, kwenye shamba la ukoo wa Shaun Hill, barabara ya vumbi, hamna kitu kingine karibu. Bia zake nyingi kazipa majina ya mababu na mabibi zake. Edward ni ya babu yake, na ni bia nyepesi ya kawaida ya asilimia 5 na kidogo, haina makeke, laini mpaka unashangaa maji ya pale wanayafanya nini. Hiyo moja ina thamani kwangu kuliko zote za foleni.

California tena, Russian River wa Santa Rosa, Vinnie na Natalie Cilurzo. Hawa ndo wenye Pliny the Elder, na kuna Pliny the Younger inayotoka kipindi kifupi tu kila mwaka, watu wanapanda ndege kuifuata. Mi nimebaki na mzee, yaani Elder. IPA ya asilimia 8 lakini kavu, haina sukari inayobaki mdomoni, uchungu unakuja unaondoka, kwahiyo unaweza kumaliza glasi ukatamani nyingine, na hapo ndo wengi wanaoiga wanakosea, wanaongeza kimea mpaka bia inakuwa sharubati. Halafu jinsi wanavyolia na watu kuhusu kuinywa mpya! Lebo ya chupa imejaa maneno ya kukubembeleza usiitunze. Cha ajabu ni kwamba kiwanda hichohicho kina bia ambazo zinatakiwa kukaa, kama Supplication, inalala kwenye mapipa ya mvinyo pamoja na cheri chungu na bakteria na hamira za porini, ikitoka ni chachu, nyekundu kahawia, inakunja uso kidogo halafu unairudia. Kuwa na mikono ya kufanya yote mawili chini ya paa moja bila bakteria za huku kuhamia kule, hiyo ni kazi.

Allagash wa Portland, Maine, nao nawapenda kwa ubishi. Rob Tod alianza 1995 na bia moja tu, Allagash White, ya ngano kwa mtindo wa Ubelgiji, ina giligilani na maganda ya chungwa chungu, ina ukungu. Kipindi hicho watu walikuwa wanairudisha kaunta wakidhani imeharibika. Yeye akaendelea kuipika, miaka kwa miaka, wala hakukimbilia kingine kwa sababu soko halielewi, na sasa ndo bia inayokilisha kiwanda. Kwa pesa ya hiyo wakajenga kibanda chenye sinia kubwa la chuma, wanamimina uji wa bia wa moto, ambao haujatiwa hamira, wanafungua madirisha usiku wa baridi, hamira za hewani zinaingia zenyewe. Walianza mambo hayo 2007, Wamarekani wengi hawakuwa hata na wazo hilo.

Halafu kuna New Glarus. Hawa wanauza Wisconsin tu. Kabisa. Ukitaka bia yao ya Spotted Cow uende Wisconsin, na watu wa majimbo ya jirani wanaenda wanajaza buti za magari. Deb Carey ndo alianzisha 1993 na mumewe Dan ndo mpishi, na wangeweza kuuza nchi nzima kesho asubuhi, hawataki. Kwenye biashara ambayo kila mtu anataka kupanuka mpaka apasuke, msimamo huo unanifurahisha kuliko hata bia yenyewe, ingawa bia yenyewe nayo ni tamu, ya dhahabu, laini, unakunywa huku unaongea na hukumbuki glasi imeisha saa ngapi.

Suala la nani anamiliki nani linagombanisha sana wapenzi wa hizi bia. Chama cha wapika bia kule, Brewers Association, kinasema kiwanda cha krafti kisizidi mapipa milioni 6 kwa mwaka, na kampuni kubwa ya pombe isiyokuwa ya krafti isimiliki asilimia 25 au zaidi. Goose Island wa Chicago waliuzwa kwa kampuni kubwa ya bia Anheuser-Busch mwaka 2011, dola milioni 38.8, watu wakalia kama kuna msiba. Lagunitas wakaenda Heineken. Bell's wa Michigan wakaenda kwenye mikono ya Kirin wa Japani mwaka 2021. Je niache kunywa Two Hearted, IPA ya Bell's? Aisee siwezi, ile bia imepikwa kwa hopsi aina moja tu, Centennial, ina usawa ambao wengi wanautafuta kwa kuchanganya aina tano, na mpaka sasa haijabadilika mdomoni mwangu. Siku ikibadilika nitaiacha, lakini sitaiacha kwa sababu ya karatasi za umiliki. Ila sijifanyi kwamba umiliki hauna madhara, maana Anchor, haohao waliookolewa na Fritz Maytag mwaka 1965 wakiwa wanakaribia kufunga, haohao wa Liberty Ale, waliuzwa kwa Sapporo wa Japani 2017 na Julai 2023 kiwanda kikatangazwa kufungwa. Mwaka 2024 kikanunuliwa na Hamdi Ulukaya, yule wa mtindi wa Chobani. Tusubiri.

Siku hizi nimehamia sana kwenye laga na nadhani wapika bia wazuri wengi nao wamehamia huko. Live Oak wa Austin, Texas na Bierstadt Lagerhaus wa Denver bado wanatumia njia ya kizamani, wanachota sehemu ya mchanganyiko wa kimea wanauchemsha pembeni wanaurudisha, kazi ya masaa, halafu bia inalala baridini wiki kadhaa. Pilsna ya Bierstadt, laga ya rangi ya dhahabu, wanaimimina taratibu, povu linapanda wanasubiri, wanaongeza, unaweza kukaa dakika kadhaa hujaletewa, mwenye haraka akanywe kwingine. Ikija povu limesimama juu ya glasi utadhani limekatwa kwa kisu.

Kuhusu kununua mi nasisitiza kitu kimoja tu, geuza kopo usome tarehe. Kwenye IPA harufu ya hopsi inaanza kufa mapema sana, na joto linaiua haraka zaidi, kwahiyo IPA ya miezi mitano iliyokaa kwenye rafu la dukani bila friji sio IPA tena, ni uchungu na karatasi, usije ukaonja hiyo ukasema Wamarekani hawajui bia. Chupa ya kijani au nyeupe iliyopigwa na mwanga nayo achana nayo, inanuka kicheche. Za kutunza zipo, Bigfoot, bia nzito ya Sierra Nevada, ukiiweka sehemu ya giza yenye ubaridi miaka mitano inatulia inakuwa kama zabibu kavu na asali iliyoungua, na stauti nzito, zile bia nyeusi, vilevile. Ila IPA jamani, inywe wiki hii.