Dakika angani: ninavyochagua propela na betri ya droni hapa Malindi

Wenzangu wanaounda droni zao wenyewe hapa Malindi huniuliza sana: ninunue betri kubwa kiasi gani ili nikae angani nusu saa? Mimi huanza na propela. Betri kubwa chini ya propela ndogo huliwa na uzito wake yenyewe, na hilo unaweza kulipigia hesabu kabla hujatoa hata shilingi.

Chukua droni ya kawaida ya inchi 5, yaani yenye propela za kipenyo hicho. Fremu, mota za 2207 (namba ya ukubwa: upana milimita 22, kimo 7), kamera na vikorokoro vyake ni gramu 470. Weka LiPo (betri ya lithiamu-polima) ya 4S, yaani seli nne mfululizo, yenye chaji ya 1500mAh na gramu 180, jumla 650. Ikitulia hewani bila kwenda popote hula ampea 9 hivi. Ukitumia asilimia 80 ya betri, yaani 1200mAh, una dakika 8. Sasa funga betri ya pili sambamba na ya kwanza. Chaji ni mara mbili, lakini uzito umefika gramu 830, na nguvu ya umeme inayohitajika kuelea hupanda haraka kuliko uzito. 830 gawanya kwa 650 ni 1.28, zidisha kwa kipeuo chake cha pili, unapata 1.44. Droni inakula asilimia 44 zaidi, kwa hiyo unapata dakika 11, wala si 16. Ya tatu itakuongezea dakika moja na ushei tu.

Ukibadili propela kutoka inchi 5 hadi 7, kwa uzito uleule, nguvu ya kuelea hushuka kwa uwiano wa vipenyo: tano kwa saba, yaani karibu asilimia 29 imeokolewa. Ni kama kasia: lililo pana husukuma maji mengi polepole, na mkono hauchoki. Idadi ya mapanga nayo ina uzito wake. Propela ya mapanga matatu hutulia vizuri droni inaposhuka, lakini kwa kukaa angani mimi natumia ya mawili. Namba ya pili kwenye propela, kwa mfano 3.5 katika 7x3.5, ni mwinamo wa panga, yaani inchi ambazo propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja. Mwinamo mdogo hula umeme kidogo ukielea; mkubwa hukupa kasi. Kwa pwani yetu yenye upepo nachagua 7x4, hata kama inanigharimu dakika moja au mbili siku ya shwari.

Inchi 7 haikai kwenye fremu ya inchi 5, na wala usiifunge kwenye mota ile ile ya 2207 yenye 2400KV (KV ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti). Itazunguka, ndiyo, lakini mota itavuta umeme kupita kiasi na kuchemka. Kwa 4S tafuta mota ya ukubwa wa 2806 yenye KV 1700 hadi 1800. Kwa 6S, 1300KV. Ukishatua, gusa kengele ya mota, lile gamba la nje linalozunguka, kwa kidole. Ikiwa huwezi kukishikilia hapo sekunde tatu, punguza kipenyo au mwinamo.

Propela zetu huku huliwa na mchanga. Ukirusha kutoka ufukweni, hasa upande wa Mambrui na mdomo wa Sabaki, pitisha ukucha kwenye ukingo wa mbele wa kila panga kabla ya kuruka. Ukikwaruza, badilisha, maana ukingo ulioparuzwa unakata hewa vibaya, unaleta mtikisiko na ampea zinapanda. Chembe nyeusi za mchanga huo hunaswa na sumaku za mota. Ondoa kwa utepe wa gundi, kwani pumzi haiziwezi. Mimi natandika mkeka mahali pa kurukia na kutua, shida nyingi zinaishia hapo.

Sasa betri. LiPo hutoa umeme mwingi kwa mkupuo, ndiyo maana wa mashindano huipenda. Kwa kuelea na kupiga picha za ngalawa taratibu, seli za duara za lithiamu-ayoni aina ya 21700 zinabeba nishati zaidi kwa kila gramu. Seli nne za Molicel P42A, kila moja 4200mAh na gramu 70, pamoja na waya zinafika gramu 300 hivi. Droni ya inchi 7 yenye gramu 450 ikibeba betri hiyo ina jumla ya 750, na inaelea kwa ampea 6.5 hadi 7. Asilimia 85 ya chaji ni 3570mAh. Hapo ndipo ile nusu saa inapopatikana.

Pima kila seli kwenye mizani kabla ya kulipa. 21700 ya kweli haiko mbali na gramu 70, na 18650, seli ya duara iliyo ndogo kuliko hiyo, ikiandikwa 9900mAh ni ya uongo. Nyingi za kweli haziendi juu ya 3600. Unganisha kwa ukanda wa nikeli wa milimita 0.15 kwa mashine ya kuchomelea nukta, maana pasi ya kulehemu ikikaa juu ya seli huharibu mfuniko wake. Nikeli nyingi madukani ni chuma kilichopakwa juu tu. Kwaruza kipande, kitumbukize kwenye kikombe cha maji ya bahari, kiache kilale. Kikiota kutu, si nikeli. Kisha waya wa 14AWG, plagi ya XT60, waya wa kusawazisha, na mpira wa kuvika.

Chaji LiPo kwa 1C, yaani ampea 1.5 kwa 1500mAh. Hizi seli za duara nazichaji kwa ampea 2. Zote zinaishia volti 4.2 kwa seli. Zikikaa zaidi ya siku mbili, zirudishe 3.8. Kwa joto letu LiPo iliyoachwa imejaa huvimba mapema.

Kujua droni yako inakula nini, usitegemee namba za dukani. Iache itulie mita 2 juu ya ardhi kwa dakika tano, ishushe, uichaji tena, kisha usome chaja imerudisha mAh ngapi. Ikiwa droni inasema imetumia 600 na chaja imerudisha 540, kipimo cha umeme kinadanganya. Ndani ya Betaflight, programu inayoongoza droni, zidisha namba ya skeli ya kipimo hicho kwa 600 gawanya kwa 540, uhifadhi. Hapo hapo badilisha pia onyo la volti: la kawaida, 3.5, ni la LiPo, na litakupigia kelele seli za duara zikiwa bado na chaji nyingi. Kwa hizo mimi naweka onyo 3.0 na kikomo 2.8. LiPo isishuke chini ya 3.5 ikiwa imetulia.

Dakika za kuelea si dakika za safari, na upepo wa kusi unalionyesha hilo wazi. Droni inayokwenda 50 km/h ndani ya upepo wa 30 inasonga mbele kwa 20 tu. Kilomita moja ni dakika tatu. Ikirudi na upepo inakwenda 80, sekunde 45. Kwa hiyo anza kila mara kwa kuukabili upepo ukiwa na betri mbichi. Ukianza kwa kusukumwa nao, kurudi ndiko kutakakokula betri, na seli za duara zikibanwa kwa nguvu mwishoni volti huanguka ghafla.

Kabla ya yote hayo, droni iwe imesajiliwa KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, chini ya kanuni za 2020 na uwe na ruhusa ya eneo: uwanja wa ndege wa Malindi uko karibu na mji, na kule Lamu uwanja wa Manda uko ng'ambo tu ya maji. Mimi hugeuza kurudi mAh zilizotumika zikifika asilimia 45, na kusi likiwa kali, 35.