Sentimita 34.5 zimeniumbua

Jamani, wiki nzima nimekuwa nikiunda antena ya redio aina ya kolinea (vipande vilivyopangwa mstari mmoja) ya UHF, masafa ya megahezi 435. Vipande vinane vya kebo ya koaksi, kila kimoja nusu ya wimbi, vinaungwa kwa kupishana: waya wa kati wa hiki unashika wavu wa nje wa kile.

Nikapiga hesabu. 300 (kasi ya mawimbi hewani, kwa mamilioni ya mita kwa sekunde) gawa kwa 435, gawa kwa 2. Sentimita 34.5.

Nikakata, nikalehemu, nikajipongeza.

Leo asubuhi nimeweka mita ya SWR, ile inayoonyesha kiasi cha mawimbi yanayorudishwa na antena (1 ndiyo bora). Sindano ikapita 3 na kwenda zake!

Nikakagua viungo kimoja kimoja. Vizima.

Nikakaa sakafuni na kipande cha kebo kilichobaki, nakigeuzageuza tu. Jicho likatua kwenye ile plastiki nyeupe inayouzunguka waya wa kati. Hapo hapo nikashika kichwa.

Ndani ya plastiki ile mawimbi hayaendi kasi kama hewani. Yanakwenda kwa asilimia 66 tu. Kila kipande kilitakiwa kiwe sentimita 22.8!

Afadhali nilizidisha, maana kirefu hupunguzwa (kifupi ningekilia).

Nimefumua viungo vyote saba, nimekata, nimelehemu upya. Vidole viwili vimeungua. SWR sasa 1.4, na ile repita (kituo kinachopokea mawimbi ya redio na kuyarusha tena) niliyokuwa naisikia kwa mikwaruzo inaingia safi kabisa.

Mliowahi kuziunda, viungo mnavikinga vipi na mvua? Bomba la plastiki pekee linatosha?