Petunia zimevuka kifuku tena

Leo asubuhi nimekuta petunia moja imefungua. Moja tu, ya zambarau, upande mmoja umejikunja kama khanga iliyoanuliwa mbichi, lakini imefungua. Nikasimama barazani na mswaki mdomoni mpaka binti wa jirani anayepita kwenda shule akaniuliza "dada kuna nini?", nikamwita aje aone, akaangalia, akasema "si ua tu", akaenda zake.

Sawa, ua tu. Ila mama wa hilo ua nilimkata mwenyewe Novemba, na bibi yake nilimnunua kipupwe cha 2023 kwa kijana wa kitalu kule mjini, na ukitaka kusema kweli siyo mama wala bibi, ni mmea ule ule mmoja unaoendelea kuishi kwa kukatwakatwa, na umeshavuka kifuku mara mbili hapa Mikindani. Kwa wasio wa huku, kifuku ndio masika yetu, Desemba mpaka Aprili hivi, karibu mvua yote ya mwaka inamwagika hapo afu basi, kavu mpaka Desemba nyingine.

Yule kijana wa kitalu aliniambia mapema kabisa, "dada hii ni ya msimu, ikichoka unang'oa unakuja kuchukua nyingine". Nilimwelewa, ndio biashara yake. Ila siyo kweli. Petunia asili yake ni Amerika ya Kusini, Brazili, Argentina na Uruguay huko, na kwao haifi kila mwaka. Walioifanya ya msimu ni watu wa nchi za baridi, kwao maji yakianza kuganda nje yenyewe inakufa, kwahiyo wanapanda upya kila mwaka, pakiti za mbegu zinaandikwa hivyo na sisi tunasoma hivyo hivyo. Wenzao wanaoishi sehemu ambazo baridi siyo kali hawang'oi. Wanaikata ibaki fupi, wanapunguza maji, wanaivumilia inakaa imenuna miezi kadhaa, jua likirudi inachipua.

Mi niliposoma hayo nikapiga hesabu rahisi sana. Kama shida ni baridi basi sisi hatuna shida. Mtwara baridi iko wapi? Julai usiku tunashuka mpaka nyuzi 19 au 20, boda wanavaa majaketi na makofia ya sufu utadhani wanakwenda Makete, lakini kwa petunia hiyo ni raha tupu. Nikajiambia huku itaishi mpaka nizeeke.

Nilivyoua kundi la kwanza ndio aibu yenyewe. Ilikuwa 2022, natafuta mtandaoni watu wenye hali ya hewa kama yetu, joto, unyevu, bahari, nikaangukia Florida kule Marekani. Wanasema kwao petunia ni ua la kipindi cha baridi, panda kuanzia Oktoba, litachanua vizuri mpaka joto la kiangazi lije liliue. Nikaona hawa ndio ndugu zangu. Nikapanda Novemba, vyungu 12, nimejipongeza kabisa na soda. Ambacho sikukiwaza ni kwamba Florida iko kaskazini ya ikweta na mimi niko nyuzi 10 kusini, Novemba yao inaelekea kwenye ubaridi, Novemba yangu inaelekea kwenye tanuru na baada ya tanuru mafuriko. Yani ushauri ulikuwa sahihi neno kwa neno, kalenda ndio nimeishika kichwa chini. Mvua ikaanza Desemba, kufika Februari nina vyungu 12 vya udongo mtupu.

Na inavyokufa unaiona hivi hivi. Ua la petunia, hasa zile za maua makubwa, ni kama tishu. Mvua moja ya usiku, asubuhi limelowa limegandana na majani, afu ukungu wa kijivu unaanzia pale pale kwenye ua lililooza unashuka na kikonyo. Majani nayo yana vinyweleo vinavyonata, ukishika vidole vinabaki na gundi, kwahiyo kila chembe ya mchanga inayorushwa na matone inang'ang'ania juu yake. Huko chini maji yamejaa, mizizi haipati hewa, shina pale linapoingia kwenye udongo linageuka kahawia, linalegea, ukivuta linakuja lote bila mzizi hata mmoja. Zilizopona hapo mawingu yakikaa siku nne tano zinaanza kurefuka kutafuta mwanga, shina jembamba, jani moja huku jingine kule.

Ndio nikaelewa kwamba winta yetu sisi ni kifuku. Yale wanayofanya wenzetu kuivusha petunia kwenye baridi, sisi tunatakiwa tuyafanye kuivusha kwenye mvua na joto, na msimu wetu wa maua ni kipupwe, Juni mpaka Septemba, kusi inavuma, mvua hakuna, jua lipo ila halichomi.

Sasa ninavyofanya. Novemba mwanzoni, kabla joto halijakolea, natafuta miche yenye afya nakata vipande urefu wa kidole cha kati, kutoka kwenye ncha laini zinazokua, siyo yale matawi magumu ya chini. Maua na vitumba natoa vyote hata kama roho inauma, tawi likibaki na ua nguvu yote inakwenda kwenye ua, mizizi hakuna. Majani ya chini natoa, nabakiza manne ya juu. Nachomeka kwenye mchanga wa mtoni (siyo wa baharini jamani) uliochanganywa na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, na makumbi yenyewe naloweka na kumwaga maji mara tatu maana nayo yana chumvi. Juu nafunika chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa kitako, kifuniko nakiacha wazi ipumue. Mara ya kwanza nilikifunga, zikaiva kama mchicha. Wiki mbili tatu hivi, ukilivuta kidogo tawi linakuvuta na wewe, ujue limeshika.

Miche mikubwa yenyewe naikata ibaki kama sentimita 10 au 15, ila lazima iwe na majani kidogo, nimewahi kukata mpaka shina tupu nikidhani nafanya kazi safi, haikuchipua hata jicho moja. Vyote vinahamia barazani chini ya paa. Baraza langu linaangalia mashariki, linapata jua la asubuhi mpaka saa nne hivi afu kivuli. Tatizo ni kaskazi. Ikivuma na mvua, mvua inakuja ya ubavu, inaingia mpaka mlangoni, kwahiyo wingu likitanda tu baharini utaniona nabeba vyungu ndani mbio mbio kama mtu anayeanua mpunga. Maji naweka pale udongo ukiwa mkavu mpaka pingili ya kwanza ya kidole. Mbolea sitii kabisa, kipindi hicho sitaki ichanue, nataka isife. Konokono nawaokota usiku kwa tochi ya simu, wale wakubwa, na ukiruka usiku mmoja wanamaliza chungu.

Na hata hivyo zinakufa. Kifuku cha kwanza nilichojaribu kilikuwa kile cha El Niño, 2023 kuingia 2024, nilianza na vyungu 14 nikabaki na vitano, vinne vya zambarau na kimoja cheupe. Na hivyo vitano niliponea chupuchupu, maana mwishoni mwa Aprili mvua ilipopungua nikaona yamekwisha, nikavitoa uani vipate jua, Mei ikaingia na kimbunga Hidaya. Usiku ule nilitoka na kanga kichwani kuvikusanya. Barabara ya Dar ikakatika kule Somanga, watu wamepoteza nyumba na mashamba, sikuthubutu kumwambia mtu yeyote kwamba mwenzenu nilikuwa nje naokoa maua. Tangu hapo sitoi kitu barazani mpaka Mei ifike katikati. Mwaka huu katika 14 wamevuka tisa.

Kuna jambo jingine lilinisumbua muda mrefu kuliko hata mvua. Zikishavuka, zikianza kuchipua Mei, majani mapya yanatoka ya njano. Siyo njano ya kuzeeka ya majani ya chini, hapana, ni ya juu kabisa, machanga, jani lote njano na mishipa yake imebaki kijani kama ramani. Nikaongeza mbolea, ikazidi. Nikaongeza maji, ikazidi. Samadi ya mbuzi, ikazidi.

Kumbe ni udongo. Mikindani tumekaa juu ya matumbawe, nyumba za zamani zenyewe ni mawe ya matumbawe na chokaa, uwani kwangu ukichimba unakuta vipande vyeupe vya lipu iliyodondoka tangu sijui enzi za nani. Udongo umejaa chokaa na maji ya kisima chetu nayo ni magumu, sufuria la chai linabaki na gamba jeupe. Sasa petunia ni mdhaifu hapo hapo, kwenye chokaa nyingi madini ya chuma yamo kwenye udongo lakini mizizi yake haiwezi kuyachukua, na pasipo chuma jani haliwi kijani. Yenyewe inataka udongo wenye tindikali kidogo. Ndio maana mbolea ilikuwa haisaidii, chakula kipo mezani mdomo umefungwa.

Dawa yake nikaipata Nanyamba kwa mjomba, bila kutafuta. Nilikwenda msibani, kesho yake nikamsindikiza shambani kwenye mikorosho, ule udongo mwekundu wa kichanga, nikakumbuka kusoma kwamba salfa inaongeza tindikali kwenye udongo, na shamba la korosho huku linapulizwa salfa kila mwaka kwa ajili ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na unga wote ule wa njano unaishia chini. Nikamwambia mjomba naomba viroba viwili vya udongo. Akaniangalia.

"Mpwa wangu, Mikindani mmeishiwa na udongo?"

"Ni wa maua mjomba."

"Maua ya kuliwa?"

"Hapana."

Akacheka mpaka akakaa chini ya mkorosho. Ila aliniruhusu, akanionyesha nichote pembeni ya njia, nisisogelee mizizi ya mikorosho yake, na nauli ya viroba kwenye hiace nikalipishwa kama abiria mzima. Nikachanganya sehemu mbili za udongo ule, moja ya makumbi, moja ya samadi iliyooza vizuri, nikaacha kumwagilia ya kisima nikawa natumia maji ya mvua niliyokinga kwenye pipa. Majani ya njano ya zamani hayakurudi, ila yaliyofuata yakatoka kijani. Ilichukua kama wiki tatu. Pipa likiisha, Agosti hivi, narudi kwenye kisima na njano kidogo inarudi, sina ujanja hapo.

Kuhusu mbegu, nimejaribu, sikushauri. Mbegu zenyewe ni vumbi, gramu moja zinaingia kama 10,000, huzifukii maana zinataka mwanga ndio ziote, unamwaga juu na unaomba upepo usipite. Shida ni kwamba petunia nyingi tunazonunua ni chotara, mbegu zake hazitoi ua la mama. Mi nilipata miche mirefu imelegea, maua ya zambarau iliyofuliwa. Ukitaka rangi ile ile ni kukata matawi, hakuna njia nyingine.

Na mvutaji asishike miche yangu kabla hajanawa na sabuni. Shemeji alikasirika nilipomwambia, akaona namdharau, lakini petunia ni ukoo mmoja na tumbaku, hata jina lake limetoka kwenye neno la wenyeji wa kule Brazili la tumbaku, na kuna virusi vya tumbaku vinavyohama kutoka kwenye sigara kwenda kwenye vidole, kutoka kwenye vidole kwenda kwenye jani. Jani linapata mabaka na kukunjamana, na ukikata tawi la mche huo unakuwa umepanda ugonjwa. Nyanya, pilipili na bilinganya nazo ni ukoo huo huo, kwahiyo ukimaliza kushika za zambarau usiende moja kwa moja kwenye nyanya zako.

Wiki hii nazihamisha zote tisa kwenye udongo mpya wa mjomba, nakata ncha kidogo zitoe matawi, naanza mbolea ya maji kila baada ya wiki mbili. Matawi ya zambarau ninayo ya kugawa, aliye mjini au Mikindani aje na kopo lake. Nyeupe hapana. Ile ndio inayonukia usiku nikifungua dirisha, na nimebakiwa na mche mmoja, sikati mpaka Agosti, msiniombe.