Nilipiga kura ya hapana, na bado nataka polisi wawajibike

Mwanangu hakunisemesha siku mbili. Ilikuwa Novemba 2021, hapa Minneapolis, Marekani, na nilikuwa nimemwambia ukweli mezani: lile swali la pili kwenye karatasi ya kura, la kuiondoa idara ya polisi na kuanzisha Idara ya Usalama wa Umma, mimi nimelijibu hapana. Akaweka kijiko chini. "Mama, hata wewe?" Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa akishinda kwenye kona ya mtaa wa 38 na barabara ya Chicago, pale George Floyd, mtu Mweusi, alipouawa na polisi, akirudi nyumbani sauti imemkauka. Kwake mimi nilikuwa nimehama kambi.

Hapana ilishinda kwa takriban asilimia 56. Kulipokucha mtandaoni kila mtu alikuwa mtaalamu wa kura yangu: eti watu wa Minneapolis wameshachoka na mageuzi, eti ule mwamko wa 2020 ulikuwa moto wa mabua. Hakuna aliyekuja kuniuliza.

Basi nijieleze. Tunakaa upande wa kaskazini wa jiji. Mwaka ule risasi zilisikika mpaka nikajua kuzitofautisha na fataki, na mimi hutoka zamu ya usiku alfajiri. Nililisoma lile swali mara tatu nikitafuta jambo moja tu: nikipiga 911, namba ya dharura, anakuja nani? Liliandikwa kwamba idara mpya ingeweza kuwa na askari ikibidi. "Ikibidi" ni neno la mwenye nyumba anayekuahidi kutengeneza bomba. Nikaweka alama kwenye hapana, nikaenda kulala.

Lakini uniulize kuhusu uwajibikaji, nitakuweka hapa mpaka chai ipoe.

Mwezi mmoja baada ya kura ile, Derek Chauvin, askari aliyemuua Floyd, alikiri kosa katika mahakama ya shirikisho. Hakukiri la Floyd peke yake. Alikiri pia kumkandamiza kwa goti mvulana Mweusi wa miaka 14, mwaka 2017, kwa zaidi ya dakika 15, baada ya kumpiga kwa tochi. Ndani ya nyumba ya watu. Mbele ya askari wenzake, kamera za kifuani zikiwaka. Mtu huyo aliendelea kuvaa sare karibu miaka mitatu zaidi, tena akiwa mkufunzi wa askari wapya. Aprili 2023 jiji likakubali kulipa karibu dola milioni 9 kwa kesi mbili za mwaka huo wa 2017, juu ya milioni 27 ambazo familia ya Floyd ilikubaliwa kulipwa Machi 2021. Fedha hizo ni za jiji, maana yake ni zetu, akiwemo yule mvulana mwenyewe kila anaponunua kitu chenye kodi.

Hapo ndipo mimi na mwanangu tulipopatana. Nilimwambia: mwanangu, jina la idara lisingemwokoa Floyd. Angeokolewa na mkubwa mmoja aliyeitazama ile video ya 2017 akasema huyu harudi barabarani. Hakunijibu, ila aliosha vyombo bila kuambiwa. Kwa nyumba yetu hayo ni mapatano.

Ndiyo maana zile kura za maoni hunichosha kidogo. Juni 2020 taasisi ya utafiti ya Pew ilikuta asilimia 67 ya watu wazima Marekani wanaunga mkono Black Lives Matter, lile vuguvugu la kutetea uhai wa watu Weusi. 2023 walikuwa 51. Jirani yangu, mzee wa Kizungu, mstaafu, nadhani hajabadilika: bango lake lilisimama mbele ya nyumba mpaka herufi zikafifia. Simcheki. Wakati maduka ya jirani yameungua ni yeye aliyetuletea maziwa. Lakini nilipomtajia yale makubaliano ya 2023 kati ya jiji na Idara ya Haki za Binadamu ya jimbo, yale yanayosimamiwa na mahakama, aliniomba nimweleze ni kitu gani. Mtu anaunga mkono kwa moyo wote jambo ambalo hajui limeandikwa wapi.

Limeandikwa. Askari wa Minneapolis haruhusiwi kukusimamisha kwa sababu tu taa ya gari imeharibika. Haruhusiwi kukupekua kwa kusema amesikia harufu ya bangi. Askari akimwona mwenzake anatumia nguvu kupita kiasi, ni wajibu wake kuingilia kati. Yupo mwangalizi huru anayetoa ripoti na kufanya mikutano na wananchi. Mei 2025 serikali ya Washington ilijiondoa kwenye makubaliano yake yenyewe na jiji hili. Haya ya jimbo yamebaki, na kwa sasa ndiyo tuliyo nayo.

Tatizo ni mpaka. Ukivuka barabara moja kutoka kwetu umeingia mji mwingine, na makubaliano yamekwisha. Daunte Wright, kijana Mweusi wa miaka 20, aliuawa na askari mji wa jirani wa Brooklyn Center, Aprili 2021. Alisimamishwa, miongoni mwa sababu, kwa usajili wa gari uliopitwa na wakati. Askari alisema alidhani ameshika bunduki ya umeme, kumbe ni bastola.

Mwaka jana mwanangu alisimamishwa katika mji mmoja wa pembeni, sitautaja, akitoka kazini usiku. Taa ya nyuma. Mikono kwenye usukani kama nilivyomfundisha, dakika ishirini, kisha akaachiwa bila hata karatasi. Alinipigia simu akiwa ameegesha mbele ya nyumba, hawezi kushuka. Nikatoka na kanga tukakaa garini wote wawili, hita ikiwaka, hatusemi kitu.

Mkutano wa mwisho wa mwangalizi tulikuwa wachache, wengi akina mama wa rika langu. Nilikwenda na mzee jirani. Aliuliza swali refu mno kuhusu mafunzo, akakatizwa. Ujao mwanangu amesema atakuja kama hatakuwa zamu. Anataka kuuliza habari za miji ya pembeni. Ile taa tuliibadilisha usiku ule ule, mimi nikimshikia tochi.