Siku yangu ndani ya kiwanda cha unga, napanga mawasiliano (Lubumbashi)

Saa moja asubuhi niko Kampemba ku geti ya kiwanda cha unga wa mahindi. Bosi ananisubiri na simu mkononi, ameshaona zile redio za mkononi za kuongeleshana, za bei chee, anataka thelathini na leo leo. Nikamwambia shefu, ngoja kwanza niingie ndani.

Saa mbili ndani, mashini za kusaga zinaunguruma, unapiga kelele na mtu wa pembeni anakujibu na nyusi tu. Apu ya simu inasoma desibeli 94, sawa apu si kipimo cha kuapia, lakini ukipita 85 kwa saa nane za kazi masikio yanaumia pole pole, kwa hiyo wote pale wanapaswa kuvaa vizibo, sasa mtu mwenye vizibo atasikia redio gani?

Saa nne bado nimekaa tu naangalia. Mama mmoja wa kushona magunia akiinua ngumi, kijana wa upande wa pili anasimamisha mkanda, akigonga kichwa mara mbili ujue gunia limepasuka. Nikamuuliza nani alimfundisha. "Papa, hapa kinywa ni ya kulia bukari tu!" Bukari ndo ugali. Nikachora zile ishara zote ku kayé yangu, maana ndo sistemi yenyewe, miye nitaongeza taa tu: kila mashini mlingoti wa taa nyekundu, njano na kijani, kama Toyota walivyozoesha viwanda, fundi aone toka mbali wapi kunamngoja.

Saa sita tunapima waya na fundi umeme. Toka ofisi mpaka silo, lile ghala refu la nafaka, ni mita 140 na waya wa netiweki wa kawaida mwisho wake ni 100, kwa hiyo pale fibra, waya wa kupitisha mwanga, tena fibra haisumbuliwi na zile mota kubwa. Redio zitakuwepo, chache, za UHF (aina ya mawimbi ya redio), kwa mafundi na walinzi, na zile za kuingia kwenye vumbi ziwe za aina isiyotoa cheche. Vumbi la unga likijaa hewani linaweza kulipuka, watu wanabisha hii mpaka basi.

Saa nane bukari na sombe, haraka haraka.

Saa tisa umeme ukakatika, kimya ghafla, na vile vipaza sauti vya zamani navyo kimya, yaani vinakufa wakati ule ule unavihitaji. Nikaandika: kengele ya moto na vipaza sauti laini yake peke yake, betri yake peke yake, pamoja na taa za kuwaka na kuzima, kwa ajili ya wale wenye vizibo.

Saa kumi na moja na bosi. Redio zimeshuka kutoka thelathini mpaka nane, hapo akacheka. Ila anataka skrini kubwa ku mlango, wageni waone. Nimeiweka mwisho kabisa wa devi, ile karatasi ya bei, chini ya betri, na pesa yake haifiki pale.