Uliza bweni linafungwa lini

Binti wa dada yangu amepata nafasi katika chuo kimoja kidogo huko Ohio, Marekani, na tangu barua ifike simu yangu haitulii. “Shikamoo mama mdogo. Eti jaketi ninunue huku au nikanunue kule?” “Mama mdogo, ni kweli walimu wanaitwa kwa majina yao?” Namjibu yote, maana mwaka 2015 nilikuwa na maswali hayohayo na sina wa kumwuliza. Lakini juzi nilimkatisha. Nikamwambia habari za jaketi aziweke kando, leo hii aandikie ofisi ya wanafunzi wa kigeni aulize mambo matatu: bweni linafungwa lini, linafunguliwa lini, na wanaobaki wanapikia wapi.

Akanyamaza kidogo. “Kwani bweni linafungwa?”

Linafungwa, mwanangu.

Nilisoma mashariki mwa jimbo la Iowa, hukohuko Marekani, chuo cha wanafunzi wapatao 1,200, katika mji ambao ukitembea dakika ishirini upande wowote unaingia kwenye mahindi. Daladala hakuna wala kitu kinachofanana nayo. Jumamosi chuo kilitoa gari dogo la kutupeleka Walmart, duka kubwa la bidhaa zote, na ukilikosa umelikosa hadi wiki ijayo. Wengi wanadhani tabu ya sehemu kama hiyo ni ubaguzi au baridi. Baridi ipo, na maswali ya ajabu nimeulizwa. Ila nitakuwa sisemi kweli nikikificha nilichopewa pale. Darasa langu la kalkulasi lilikuwa na watu 14. Siku moja nilishindwa kuhudhuria kwa homa, na kabla ya saa nane mchana profesa alikuwa ameshaniandikia kuuliza kama nimekula. Alitaka tumwite kwa jina lake la kwanza. Mimi halikunitoka mdomoni kwa miaka yote minne, nikabaki na “Profesa”, naye akazoea.

Kazi nilipata jikoni, chumba cha kuoshea vyombo. Viza ya mwanafunzi, F-1, inakuruhusu kufanya kazi ndani ya chuo, si zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Mimi nilipewa 10, kwa dola 7.25 kwa saa, kima cha chini cha Iowa. Piga hesabu: dola 72.50 kwa wiki, muhula wa wiki 15, unapata 1,087.50, na hapo hujanunua hata dawa ya meno. Tiketi ya kwenda nyumbani na kurudi mwezi wa Desemba ilizidi 1,500. Kwa hiyo swali la kurudi nyumbani likizoni lilijijibu lenyewe mapema, nami sikulilia. Nilijua nitabaki. Nisichojua ni kwamba kubaki nako kunaombewa ruhusa.

Dalili ya kwanza niliiona Novemba, Sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani. Inaangukia Alhamisi ya nne ya mwezi huo, na Jumatano yake mchana magari ya wazazi yalipanga foleni mbele ya bweni. Saa kumi na mbili jioni nilikuwa nasikia friji ya ghorofa ya chini nikiwa ghorofa ya tatu. Ukumbi wa chakula ulikuwa umefungwa hadi Jumapili usiku. Bahati nzuri mwenzangu wa darasani alinichukua kwao, shambani, nikala bata mzinga na viazi vya kuponda, na bibi yake akanifungashia vingine kwenye bakuli la plastiki. Nikaona kumbe watu hawa ni wakarimu, basi Desemba nayo itapita vivyo hivyo.

Tarehe 19 Desemba 2015 ilikuwa Jumamosi. Asubuhi nilikwenda maktaba ya mji kurudisha vitabu, nikarudi saa sita na dakika kumi mchana. Mlango wetu ulikuwa wa kadi: unapitisha, kitaa kinawaka kijani, kitasa kinalia tii, unasukuma. Nikapitisha. Kikawaka chekundu. Nikaifuta kadi kwenye suruali nikapitisha tena, chekundu. Nikavua glavu nikidhani ni vidole, nikaipitisha taratibu kama mtu anayembembeleza mtoto. Chekundu. Theluji ilikuwa inaanza, ile nyepesi isiyo na sauti, na dirishani kwangu juu niliona taulo langu nilipolianika.

Baadaye nilioneshwa barua pepe. Ilitumwa mwezi wa Novemba, ikiwa katikati ya barua nyingine nyingi, na kichwa chake kilizungumzia utaratibu wa kuondoka. Mimi sikuwa naondoka, kwa hiyo sikuifungua. Ndani yake, aya ya tano, iliandikwa kwamba anayetaka kubaki ajaze fomu kabla ya tarehe 4 Desemba. Hapakuwa na hila. Lakini hadi leo nasema kumwandikia mtoto wa miaka 19 aliyetoka bara lingine aya ya tano, wakati chuo kizima hakifikishi watu 1,300 na ofisi inamjua kwa sura, si uangalizi. Mtu angeweza kuniuliza tu nikiwa kwenye foleni ya chakula.

Namba niliyokuwa nayo ni ya mama mmoja tuliyeosha naye vyombo, kwa ajili ya kubadilishana zamu. Nilimpigia kumwuliza nifanye nini. Hakujibu swali, aliuliza nimesimama mlango gani. Mlinzi alinifungulia dakika kumi nichukue nguo, na nilipotoka na begi pikapu yake ilikuwa inanguruma pale nje, vioo vimejaa ukungu.

Mama huyu ana umri wa mama yangu mzazi. Jikoni hata vijana wa mwaka wa kwanza walimwita kwa jina lake, mimi nikawa nazunguka tangu Septemba bila kumwita chochote, nasubiri anitazame ndipo niseme. Ndani ya gari nilimweleza kwamba kwetu siwezi kumtaja jina mtu wa umri wake. Akaendesha kidogo, akaniambia basi nimwite kama ninavyowaita wa kwetu. Tangu siku hiyo akawa Mama.

Usiku nilipiga simu nyumbani. Saa mbili usiku ya Iowa, majira ya baridi, nyumbani ni saa kumi na moja alfajiri, na nilijua mama ameshaamka kuswali. Sikumwambia habari za mlango. Nilisema nimealikwa. Akataka kusalimiana na mwenye nyumba, na kwa kuwa hawakuwa na lugha ya pamoja nikasikia mama anasema “asante, mama, asante sana”, na huyu wa kwangu, aliyelidaka neno hilo kwangu kati ya trei na mvuke, anamjibu “asante, asante”. Walikwenda hivyo kama dakika mbili. Mimi nilikwenda kusimama bafuni.

Jumatatu mshauri wa wanafunzi wa kigeni alirudi ofisini, akahangaika kwelikweli, na jioni nikahamishiwa bweni moja lililoachwa wazi. Tulikuwa 11: Nepal, Vietnam, Ghana, Zimbabwe, na mmoja wa Marekani ambaye hakuwa na nyumba ya kurudi. Huyo wa mwisho nimemfikiria mara nyingi. Sisi wengine tulikuwa na nyumba, ila ziko mbali.

Jiko hakuna. Vyumbani hakuruhusiwi kuchomeka kitu chochote cha kupikia, kengele ya moto inalia na faini inafuata. Dada wa Vietnam alikuwa na jiko dogo la umeme la kupikia wali, na mlinzi akatuambia chumba cha kufulia nguo kule chini sakafu ni ya saruji na yeye hatakuwa na neno. Basi tukawa tunapika juu ya mashine ya kufulia. Mtu wa Nepal anachemsha dengu kwa zamu yake, anazitoa, sufuria inaoshwa kwenye sinki la nguo, inaingia zamu nyingine. Krismasi nilipika wali wa nazi, nazi ya kopo. Tulikula tumekaa juu ya vikapu vya nguo, mashine moja nyuma yetu inazunguka na shuka za mtu. Ule wali ulishika chini kidogo, na ukoko ndio uliogombewa.

Fedha zilikwisha wiki ya pili. Sheria inakuruhusu kufanya kazi saa nyingi zaidi chuoni wakati wa likizo, lakini kazi zenyewe ziko jikoni na jikoni kumefungwa. Mzee mmoja wa nyumba ya jirani aliniona napita, akanionesha koleo la theluji na kuniambia nikimsafishia njia ya gari atanipa dola 20. Kazi ya nje ya chuo bila kibali ni kuvunja masharti ya viza, na nilikuwa nimesikia hilo mara tatu katika wiki ya kupokelewa. Nikamwambia samahani, siwezi. Sikujua namna ya kueleza fomu ya I-20, hati ya chuo inayoshikilia viza yangu, mtu akiwa amesimama kwenye baridi ya nyuzi sifuri za Fahrenheit, kama 18 chini ya sifuri kwa Selsiasi. Akanitazama, akasema haya, akaanza kuchota mwenyewe. Najua alichofikiri. Iliniuma kuliko ile taa nyekundu, maana kazi sijawahi kuidharau.

Mchana nilishinda maktaba ya mji, kulikuwa na joto. Huko ndiko nilikosoma habari za ndege ya kwanza ya mpango wa Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya, wa kuwapeleka vijana kusoma Marekani, Septemba 1959, iliyobeba wanafunzi 81. Mwaka uliofuata akaja Wangari Maathai, akapelekwa chuo kidogo cha watawa Atchison, Kansas, kando ya mto Missouri. Alimaliza mwaka 1964 akiwa na shahada ya biolojia. Nilikuwa nimemjua kwa miti na kwa Nobel ya 2004, sikujua kwamba alianzia kwenye mji wa namna ile. Nilichokitafuta kitabuni ni kimoja tu: Desemba yake ya kwanza alilala wapi. Nilikuwa na simu mfukoni ya kumsikia mama kila usiku. Wale 81 walikuwa na barua.

Mwaka wa pili tulikaa watano tukaandika chuoni, ukurasa mmoja, bila kulalamika sana. Tuliomba fomu ya kubaki iletwe mkononi kwa kila mgeni mwezi wa Oktoba, na bweni litakaloachwa wazi liwe na jiko. Fomu ilikubaliwa mwaka huohuo. Jiko lilichukua miaka miwili. Nililipikia Desemba yangu ya mwisho, na Mama alikuja na soseji za kulungu akakaa hadi usiku.

Jana binti amenitumia jibu la kutoka Ohio. Bweni litafungwa tarehe 18 Desemba saa sita mchana, na litafunguliwa tarehe 10 Januari. Kuhusu jiko hawajasema. Nimemwambia aandike tena.